Jinsi ya kuepuka foleni ndefu katika bustani ya burudani ya Animal Kingdom

WAKENYA wanaowatembelea jamaa zao nchini Marekani, pamoja na wale waliofanya makazi huko, aghalabu hukabiliwa na ombi moja kutoka kwa watoto: wapelekwe Disney. Ombi hilo si la bei rahisi. Tiketi ya siku moja katika mojawapo ya bustani nne kuu za Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, hugharimu zaidi ya dola 100 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu hadi tisa hupunguziwa kidogo tu, na ni aliye chini ya miaka mitatu pekee anayeingia bila malipo.

Kwa hivyo, familia ya watu wanne huweza kutumia zaidi ya dola 400 kabla ya kununua hata chupa ya soda. Ukiongeza nauli ya ndege na malazi, utaona kwamba siku hiyo moja huenda ikawa imegharimu akiba ya miaka kadhaa. Lakini wageni wengi wasiojipanga hutumia sehemu kubwa ya siku hiyo wakiwa wamesimama kwenye foleni, na kurudi hotelini wakiwa wamepanda mitambo mitatu au minne pekee.

Foleni hizo haziwezi kuepukwa kabisa. Hata hivyo zinaweza kupunguzwa mno na yeyote anayefahamu jinsi zinavyojengeka. Makala haya yanaeleza mbinu hizo kwa kutumia mfano wa bustani ya Disney's Animal Kingdom, ambayo ina uhusiano wa karibu na eneo letu la Afrika Mashariki.

Kijiji cha Harambe

Walt Disney World ilifunguliwa mnamo Oktoba 1, 1971 ikiwa na bustani moja, Magic Kingdom. EPCOT ilifuata mwaka wa 1982, Hollywood Studios mwaka wa 1989, na Animal Kingdom ikafunguliwa Aprili 22, 1998.

Katika Animal Kingdom, sehemu inayoitwa Afrika imejengwa kama kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe. Jina hilo limetokana na neno letu harambee, na majumba yake yamebuniwa kwa kuiga mji wa kale wa Lamu, kuta zake zikiwa zimechakaa makusudi kana kwamba zimepigwa na upepo wa bahari kwa karne nyingi. Mgeni kutoka Mombasa au Malindi atakuta maneno ya Kiswahili kwenye mabango, na hata maandishi ya ‘Uhuru 1961’, mwaka ambao kijiji hicho cha kubuni kinadaiwa kupata uhuru wake.

Hapo ndipo palipo na Kilimanjaro Safaris, safari ya lori lililo wazi inayopita katika mbuga yenye ukubwa wa ekari 110 hivi ambamo wamo twiga, tembo, simba na vifaru. Huenda msomaji akacheka kwamba Mkenya asafiri hadi Florida kupanga foleni ili amwone twiga. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa na kulelewa ughaibuni, huenda hiyo ikawa mara yake ya kwanza kusikia Kiswahili kikitumiwa nje ya nyumba yao.

Mitambo mingine mikuu iko katika sehemu mbili. Pandora, iliyofunguliwa Mei 2017 na kujengwa kwa misingi ya filamu ya ‘Avatar’, ina Flight of Passage, ambapo mgeni hukalia kiti mfano wa pikipiki mbele ya skrini kubwa na kujihisi kana kwamba anaruka akiwa mgongoni mwa ndege wa ajabu. Humo pia mna Na'vi River Journey, safari ya polepole ya mashua ndani ya jengo lenye giza na taa za rangi.

Sehemu ya Asia ina Expedition Everest, gari la reli lililoanza kazi mwaka wa 2006, ambalo hupanda mlima wa kuigiza na kisha kurudi kinyumenyume gizani. Iko pia Kali River Rapids, chelezo cha duara kinachoteremka mtoni na kuwalowesha abiria.

Foleni huzaliwa vipi?

Elimu ya foleni si jambo geni. Mhandisi wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alichapisha utafiti wake wa kwanza kuhusu suala hilo mwaka wa 1909 alipokuwa akichunguza msongamano wa simu jijini Copenhagen. Mnamo 1961, John Little wa Marekani alithibitisha kanuni ambayo kwa lugha nyepesi inamwezesha mtu kukadiria muda wa kungoja: gawanya idadi ya watu walio mbele yako kwa idadi ya wanaohudumiwa kwa saa.

Tuchukue mfano. Tuseme mtambo mmoja unaweza kubeba watu 1,500 kwa saa, lakini tangu lango lifunguliwe watu 2,000 wanawasili hapo kila saa. Baada ya saa moja, watu 500 watakuwa wakingoja, na atakayewasili wakati huo atasimama kwa dakika 20. Baada ya saa mbili watakuwa 1,000, na muda utakuwa dakika 40. Baada ya saa tatu watakuwa 1,500, na mgeni atangoja saa nzima.

Mtambo haujaharibika wala wahudumu hawajazembea. Ziada ile ile ya watu 500 imekuwa ikirundikana kila saa. Aliyefika saa mbili asubuhi alipita moja kwa moja, ilhali aliyefika saa tano analipa kwa muda wake deni lililoachwa na waliomtangulia. Wahenga walisema kawia ufike, ila katika bustani hizi anayekawia hufika akakuta foleni imezunguka jengo.

Ndiyo maana wataalamu wa kupanga ziara hizi wanasisitiza mpangilio kuliko kasi. Len Testa, mmoja wa waandishi wa kitabu cha mwongozo ‘The Unofficial Guide to Walt Disney World’, aliulinganisha upangaji huo na tatizo maarufu la hisabati kuhusu mchuuzi anayetafuta njia fupi zaidi ya kuzuru miji yote na kurudi alikotoka. Tofauti ni kwamba kwa mgeni wa Disney, ‘umbali’ wa kila mji hubadilika kila saa kwa sababu foleni hukua na kupungua.

Kuchagua majira

Uamuzi wa kwanza hufanywa miezi kadhaa kabla ya safari. Wiki ya kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo yenye msongamano mkubwa zaidi. Wiki za Pasaka na likizo za machipuko mwezi Machi na Aprili huifuata kwa karibu, pamoja na wiki ya sikukuu ya Thanksgiving mwishoni mwa Novemba.

Kwa familia inayofuata kalenda ya shule za Kenya, likizo ya Aprili ni ya kuepukwa pale inapokaribiana na Pasaka. Likizo ya Agosti ina faida isiyojulikana na wengi. Shule nyingi za Florida hufunguliwa karibu na Agosti 10, na idadi ya wageni huanza kupungua kuanzia katikati ya mwezi huo. Joto huwa kali na mvua za radi hunyesha karibu kila alasiri, lakini foleni huwa fupi kuliko za Juni na Julai.

Hali kadhalika, wanaosafiri mwezi Desemba wanashauriwa kuzuru bustani katika wiki mbili za kwanza badala ya kusubiri Krismasi. Asiye na watoto wa shule angefaidika zaidi kwenda Septemba, baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani ambayo huadhimishwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo.

Kabla ya kulipa, ni muhimu kuangalia orodha ya mitambo iliyofungwa kwa ukarabati. Mtambo mmoja mkubwa ukifungwa, wageni wake hawarudi nyumbani, bali huhamia kwenye foleni za mitambo mingine.

Saa mbili za kwanza

Animal Kingdom aghalabu hufunguliwa mapema, mara nyingi saa mbili asubuhi, ingawa saa hubadilika na zinafaa kuthibitishwa siku iliyotangulia. Wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine.

Mgeni wa hoteli hizo anafaa kuwa langoni dakika 45 hivi kabla ya nusu saa hiyo kuanza, kisha aelekee Flight of Passage bila kusimama popote. Huu ndio mtambo ambao foleni yake huweza kupita saa mbili siku zenye watu wengi. Akitoka humo apande Na'vi River Journey iliyo jirani, halafu apite njia inayounganisha Pandora na Afrika hadi Kilimanjaro Safaris. Asubuhi hakujapata joto na wanyama huwa hawajajificha vivulini. Mwisho avuke kwenda Asia. Mzunguko huo unaiondolea familia adha ya kuikata bustani mara mbilimbili chini ya jua.

Kwa anayelala nje, kwa mfano nyumbani kwa jamaa mjini Orlando, mpango huo huo unaweza kumponza. Atakapofika Pandora atakuta waliotangulia kwa nusu saa wamejaza foleni. Ni afadhali afanye kinyume: aanze na Expedition Everest, ambayo wakati huo huwa na watu wachache, kisha aende Kilimanjaro Safaris kabla ya umati wa Pandora kuhamia huko. Flight of Passage aiweke kiporo hadi jioni.

Katika mipango yote miwili, jambo la msingi ni kwamba saa mbili za kwanza huweza kumpa mgeni mitambo mingi kuliko saa nne za katikati ya siku. Familia inayoingia saa nne baada ya kifungua kinywa kirefu imekwisha kupoteza sehemu bora ya tiketi yake.

Njia ya wanaolipa

Kati ya mwaka wa 1999 na 2020, Disney ilikuwa na utaratibu wa FastPass ambao ulimwezesha mgeni kuweka nafasi na kurudi baadaye bila malipo ya ziada. Utaratibu huo haukurejeshwa baada ya janga la corona. Kuanzia Oktoba 2021 njia ya mkato imekuwa ya kulipiwa, na tangu Julai 2024 inauzwa kwa majina ya Lightning Lane Multi Pass na Lightning Lane Single Pass.

Multi Pass humruhusu mgeni kuchagua mitambo mitatu mapema, na kuongeza mwingine kila anapomaliza kutumia nafasi. Single Pass ni ya mtambo mmoja wenye mahitaji makubwa, na hapa Animal Kingdom mtambo huo ni Flight of Passage. Bei hubadilika kila siku kulingana na wingi wa wageni. Aina ya tatu, Premier Pass, ilianzishwa Oktoba 2024 na humpitisha mgeni wakati wowote autakao, lakini bei yake hupita dola 100 kwa kila mtu, mbali na tiketi ya langoni.

Wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuweka nafasi siku saba kabla ya ziara, na wengine siku tatu. Nafasi hufunguliwa saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Anayepanga akiwa Kenya akumbuke kwamba hiyo ni saa nane mchana kati ya Machi na Novemba, na saa tisa alasiri katika miezi ya baridi ambapo Marekani hurudisha saa nyuma.

Je, inafaa kulipa? Tuirejee hesabu yetu. Ukiwa na watu 600 mbele yako katika mtambo unaobeba 1,200 kwa saa, utangoja dakika 30. Iwapo nusu ya viti wamepewa waliolipa, foleni ya kawaida inabakiwa na viti 600 kwa saa, na watu wale wale 600 wanakuwa kungoja kwa saa nzima. Njia ya mkato haiongezi hata kiti kimoja. Inachofanya ni kuhamisha muda wa kungoja kutoka kwa aliye na pesa hadi kwa asiye nazo.

Kwa sababu hiyo, wapo wageni wanaoulalamikia utaratibu huu wakisema unawabagua wenye kipato cha chini waliolipia lango sawa na wengine. Malalamishi hayo yana uzito. Hata hivyo, kwa familia yenye siku moja tu na iliyolala nje ya hoteli za Disney, kununua Single Pass ya Flight of Passage pekee huweza kuokoa zaidi ya saa moja. Walio na uwezo wa kufika mapema na subira ya kukaa hadi jioni wanaweza kuhifadhi pesa zao.

Nafuu zisizolipiwa

Kuna njia tatu ambazo hazihitaji hata senti. Ya kwanza ni foleni ya wapandao peke yao, inayopatikana Expedition Everest. Wahudumu huitumia kujaza viti vinavyobaki baada ya familia kuketi, na huenda kasi sana. Sharti ni kwamba mlioandamana mtatenganishwa, kwa hivyo haiwafai watoto wadogo.

Ya pili ni kupokezana. Wazazi walio na mtoto asiyefikisha kimo wanaweza kumwomba mhudumu langoni mwa mtambo utaratibu uitwao Rider Switch. Mzazi mmoja hupanda huku mwingine akibaki na mtoto, kisha hubadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya.

Hapa inafaa vimo vya watoto vipimwe nyumbani kabla ya safari. Flight of Passage na Expedition Everest huhitaji kimo cha sentimita 112, nayo Kali River Rapids sentimita 97. Kilimanjaro Safaris na Na'vi River Journey hazina kiwango. Si jambo jema mtoto asubiri kwa saa moja na nusu kisha arudishwe mlangoni akilia.

Ya tatu ni kuzitumia saa za adhuhuri kwa mambo yasiyo na foleni. Kuanzia saa tano hadi saa tisa ndipo milolongo huwa mirefu zaidi. Huo ni wakati wa kutazama tamasha la Festival of the Lion King, lililohamishiwa Harambe mwaka wa 2014, ambalo ukumbi wake huchukua zaidi ya watu elfu moja kwa mara moja. Ni wakati pia wa kutembea katika njia ya sokwe ya Gorilla Falls, iliyowahi kuitwa Pangani, ambako mtu huenda kwa mwendo wake.

Chakula nacho kina foleni yake. Agiza kupitia programu ya simu, na ule kabla ya saa tano au baada ya saa nane. Isitoshe, Disney huruhusu wageni kuingia na chakula chao mradi kisiwe katika vyombo vya glasi, na mikahawa ya huduma ya haraka hutoa maji baridi bila malipo kwa anayeomba.

Mvua na jioni

Mvua ya alasiri huwafukuza wageni wengi. Radi zinapokaribia, mitambo ya nje kama Everest hufungwa kwa muda, ilhali ile ya ndani kama ya Pandora huendelea. Aliyebeba koti jepesi la mvua na kusubiri dakika 30 au 40 aghalabu hukuta foleni zimepungua punde mitambo ya nje inapofunguliwa tena.

Kanuni nyingine yenye manufaa ni kwamba anayeingia kwenye foleni kabla ya saa ya kufunga hupewa nafasi ya kupanda, hata kama lango la bustani limekwisha kufungwa. Hiyo ndiyo saa ya Flight of Passage kwa wale walioiacha asubuhi. Muda unaotangazwa wakati huo mara nyingi huwa mrefu kuliko muda halisi, kwani foleni haipokei watu wapya kwa wingi. Safari ya wanyama haifai kuachwa hadi wakati huo kwa sababu huenda ikafungwa mapema kuliko mitambo mingine.

Pale ambapo hakuna budi kungoja, mbinu zipo. David Maister, katika makala yake ya mwaka wa 1985 kuhusu saikolojia ya foleni, alieleza kwamba muda mtupu huonekana mrefu kuliko muda wenye shughuli, na kwamba kungoja bila kujua mwisho huchosha kuliko kungoja kwa muda unaojulikana. Ndiyo sababu foleni ya Everest imepambwa kama kijiji cha Himalaya chenye jumba la makumbusho. Mzazi naye anaweza kuwaeleza watoto muda uliobaki, kuwapeleka msalani kabla ya kuingia, na kuwa na vitafunio na vitendawili tayari.

Kuamua cha kuacha

Hatua ya mwisho ni ngumu kwa wengi. Familia ikae pamoja kabla ya safari na kila mmoja ataje mtambo mmoja asioweza kuukosa. Hiyo ndiyo ipangwe kwanza, kwa saa zilizotajwa hapo juu. Mingine yote ihesabiwe kuwa nyongeza, na foleni yoyote inayozidi kiwango mlichokubaliana, mathalan dakika 40, iachwe bila majuto.

Wanaong'ang'ania kupanda kila kitu huishia kukosana ifikapo alasiri, watoto wakiwa wamechoka na wazazi wakihesabu hasara. Waliochagua machache hupata nafasi ya kupumzika kivulini katika kijiji cha Harambe, wakawasomea watoto wao yale maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa ukutani, shughuli ambayo haina foleni wala malipo ya ziada.